Nafaka Nzima Si Ruhusa ya Kula Pakiti Nzima

Nilikuwa kwenye foleni ya chai, saa nne kasoro asubuhi, katikati ya kipindi cha Saikolojia ya Elimu na kile cha Mbinu za Kufundishia Biolojia, simu ikaita. Mama.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Hivi hizi biskuti za nafaka nzima, nile ngapi kwa siku?"

Nikacheka kidogo nikidhani ananitania. Hakuwa ananitania. Mama ana kisukari cha aina ya pili, huu ni mwaka wa pili tangu agundulike. Kliniki walimwambia apunguze wanga, aachane na sukari, na akila nafaka basi iwe nzima. Mama ni mtu wa kutii. Akaenda dukani, akaona pakiti yenye picha ya suke la ngano na maandishi makubwa ya nafaka nzima, akalipa shilingi 4,500, akarudi nyumbani kama mtu aliyetoka kununua dawa. Jioni ile akala sita kwa chai ya rangi isiyo na sukari. Kabla ya kula, kipimo chake kilisoma 8.1. Saa mbili baadaye kikasoma 13.9.

"Sasa mbona imepanda," akaniuliza, "na mimi nimekula hizo hizo walizosema?"

Mimi ndiye msomi wa nyumbani kwetu. Mwaka wa tatu, ualimu, Biolojia na Kemia. Mkono mmoja nilikuwa nimeshika andazi, mwingine soda, na jibu sikuwa nalo.

Makala hii ni jibu nililompa mama siku nne baadaye, pamoja na maneno machache ambayo nadhani yanatuhusu sisi tuliopo hapa chuoni, tunaokula asusa kuliko tunavyokula chakula.

Maneno mawili tunayoyachanganya

Tuanze na kosa lenyewe, maana si la mama peke yake. Tangu mihadhara ya Profesa Mohamed Janabi kuhusu ulaji ianze kuzunguka kwenye simu zetu, kila hosteli ina mtaalamu wa wanga. Ukipita koridoni utasikia: "Mimi nimeacha wanga, siku hizi nakula mkate wa brauni tu." Sentensi hiyo ina shida. Mkate wa brauni ni wanga. Dona ni wanga. Uji wa ulezi ni wanga. Mahindi ya kuchoma, wanga.

"Nafaka nzima" na "wanga kidogo" ni vitu viwili tofauti. Nafaka nzima maana yake punje imesagwa au kupikwa pamoja na sehemu zake zote tatu: pumba la nje lenye nyuzinyuzi, kiini chenye mafuta na vitamini, na ile sehemu kubwa ya katikati ambayo karibu yote ni wanga. Ukikoboa, unatupa pumba na kiini, unabaki na ile ya katikati. Ndiyo tofauti ya dona na sembe. Lakini angalia vizuri: usipokoboa, ule wanga wa katikati hauendi popote. Upo pale pale.

Chukua unga wa ngano gramu 50, kiasi cha chapati moja ya wastani. Ukiwa mweupe, utapata wanga kama gramu 38, na nyuzinyuzi gramu moja na kidogo. Ukiwa wa ngano nzima, ule wengi wetu tunauita atta, utapata wanga kama gramu 36, na nyuzinyuzi gramu tano hivi. Kwa upande wa wanga umepunguza gramu mbili, yaani hujapunguza kitu. Kwa upande wa nyuzinyuzi umeongeza mara nne. Hiyo ndiyo faida ya nafaka nzima, na si ndogo: nyuzinyuzi zinachelewesha wanga kuingia kwenye damu, zinashibisha, na tumbo linafanya kazi yake. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2023, linashauri mtu mzima apate angalau gramu 25 za nyuzinyuzi zinazotoka kwenye vyakula vyenyewe kila siku, na wanga anaokula utoke hasa kwenye nafaka nzima, mboga, matunda na jamii ya kunde. Ukila wali mweupe, chapati nyeupe na soda kutwa, hizo gramu 25 utazisikia redioni tu.

Kwa hiyo nafaka nzima inakwambia ubora wa wanga, na wanga kidogo inakwambia kiasi chake. Mama aliambiwa yote mawili kliniki, ila la pili likapotea njiani, kwa sababu la kwanza ndilo lililoandikwa kwa herufi kubwa kwenye pakiti.

Na kiasi ni kipi? Wataalamu wengi wakisema wanga kidogo wanamaanisha chini ya gramu 130 kwa siku. Keto ndiyo ile kali kabisa, inashuka mpaka gramu 50 au hata 20. Sasa fanya hesabu ya chumbani kwetu. Tukipika unga kilo moja tunakula watu saba, kila mmoja anapata kama gramu 140 za unga. Hapo kuna zaidi ya gramu 100 za wanga kwenye sahani moja, iwe dona iwe sembe. Yaani mtu akishamaliza ule mlima wa ugali, siku yake ya wanga kidogo imebakiwa na nafasi ya kitafunwa kimoja tu. Hili nalisema mapema ili mtu asije akanunua karanga za shilingi 500 akadhani zimefuta ugali wa mchana.

Geuza pakiti

Jumamosi nilipanda gari nikaenda nyumbani. Kitu cha kwanza nilichofanya ni kuigeuza ile pakiti. Mbele kuna suke la ngano, nyuma kuna ukweli kwa herufi ndogo.

Orodha ya viambato huandikwa kwa kufuata uzito, kizito kinatangulia. Kwenye ile pakiti wa kwanza ulikuwa unga wa ngano, wa kawaida. Ya pili sukari. Ya tatu mafuta ya mawese. Ngano nzima ilikuwa ya nne, asilimia 12. Asilimia 12 ndiyo iliyopewa picha, jina na bei.

Nikaenda kwenye jedwali. Kwa kila gramu 100: wanga gramu 66, katika hizo sukari gramu 18, nyuzinyuzi gramu sita. Biskuti moja ina gramu 12 na nusu. Mama alikula sita, ambazo ni gramu 75. Piga hesabu: wanga karibu gramu 50, na ndani yake sukari zaidi ya gramu 13. Gramu 50 za wanga ni zaidi ya vipande vitatu vya mkate mweupe, ule mkate ambao mama aliuacha kwa uchungu mkubwa.

Nilipomwonyesha alinyamaza. Halafu akasema, "Kwa hiyo nimelipa elfu nne na mia tano kula mkate niliokatazwa." Sijui mhadhiri gani angelieleza jambo hili vizuri zaidi.

Tangu siku hiyo nina kanuni ninazozifuata dukani, na nimewafundisha wenzangu watatu wa chumbani. Nawapa na ninyi.

Moja, usisome mbele. Soma nyuma. Kama kiambato cha kwanza ni "wheat flour" tupu, bila neno "whole" mbele yake, huo ni unga uliokobolewa, hata pakiti iwe na rangi ya udongo. Rangi ya mkate inaweza kutoka kwenye sukari iliyounguzwa. Mkate wa brauni na mkate wa ngano nzima si lazima viwe ndugu.

Mbili, angalia jedwali kwa gramu 100, kisha jiulize wewe utakula gramu ngapi. Wenye kiwanda wanapenda kuandika "kwa kila mlo," na mlo wao ni biskuti mbili. Hakuna mwanafunzi wa chuo hiki aliyewahi kula biskuti mbili akafunga pakiti.

Tatu, nyuzinyuzi zisaidie kuamua. Kati ya vitu viwili vyenye wanga unaolingana, chukua chenye nyuzinyuzi nyingi na sukari kidogo. Wanaofuata wanga kidogo huwa wanatoa nyuzinyuzi kwenye jumla ya wanga, kwa sababu nyuzinyuzi hazipandishi sukari ya damu kama wanga wa kawaida. Hapo kuna mtego. Kwenye bidhaa zilizoandikwa kwa utaratibu wa Marekani, nyuzinyuzi zimo ndani ya jumla ya wanga, kwa hiyo unaweza kuzitoa. Kwenye bidhaa zilizoandikwa kwa utaratibu wa Ulaya, zimeshatolewa tayari. Ukizitoa tena unajidanganya mara mbili. Maduka yetu yana bidhaa za kila upande, kwa hiyo angalia ilikotoka.

Nne, sukari ina majina mengi. Asali, molasi, sharubati ya mahindi, glukosi, maltodekstrini: zote ni wanga unaokimbia. Pakiti kuandikwa "haijaongezwa sukari" hakumaanishi haina wanga.

Kilichopo kwenye meza zetu

Sasa mtu ataniambia, mwalimu mtarajiwa, sisi biskuti za elfu nne hatununui. Sawa kabisa. Ndiyo maana nikarudi kwenye vitu vyetu, vile vinavyouzwa kuanzia getini mpaka kwenye korido za hosteli. Nilichogundua kilinishangaza: asusa nzuri tunazo, na nyingi ni za bei ndogo. Shida ni jinsi tunavyoziandaa na tunavyozipima.

Bisi. Hii ndiyo nafaka nzima ya wazi kuliko zote, maana unaiona punje yenyewe, haijakobolewa, imepasuka tu. Gramu 30 za mahindi makavu ya bisi, kama viganja viwili vidogo, zinatoa bakuli kubwa. Ndani yake kuna wanga kama gramu 22 na nyuzinyuzi kama gramu nne. Linganisha na andazi moja kubwa, ambalo kwa unga wake peke yake, kabla hujahesabu sukari na mafuta, linaweza kubeba gramu 35 za wanga, na ukilimaliza bado unatafuta la pili. Bisi unatafuna muda mrefu, mdomo unachoka kabla ya tumbo. Lakini ziwe za chumvi kidogo na mafuta kidogo. Zile za rangi ya waridi zilizomwagiwa sukari, hizo ni pipi zenye umbo la bisi.

Uji wa ulezi. Punje ya ulezi ni ndogo mno, kwa kawaida inasagwa nzima, kwa hiyo hapa hujaibiwa. Pia ina madini ya kalisi mengi kuliko nafaka nyingine tulizozoea, zaidi ya miligramu 300 kwa gramu 100 za unga. Kikombe cha uji mwepesi kinatumia kama gramu 25 za unga, hivyo wanga ni gramu 18 hivi. Hiyo ni asusa ya heshima. Sasa tazama tunachofanya: tunatia sukari vijiko viwili vya chakula. Vijiko viwili hivyo ni gramu 24 au 25. Sukari imeupita ulezi. Unakunywa kikombe cha sukari chenye ladha ya ulezi, halafu unaandika kwenye status "healthy breakfast".

Mahindi ya kuchoma. Nafaka nzima, hayana kiwanda, hayana lebo ya kukudanganya. Ila hindi letu kavu kavu, kubwa, lina wanga mwingi. Nusu hindi kwa mtu anayehesabu wanga ni busara. Mpe mwenzako nusu nyingine, ndiyo maana tuna marafiki.

Chapati ya atta. Bado ni wanga gramu 36 au zaidi kwa chapati moja, kutegemea mkono wa mpishi. Kwa asiyehesabu wanga, ni bora kuliko nyeupe. Kwa anayehesabu, ni nusu chapati na kitu kingine pembeni.

Na hicho "kitu kingine pembeni" ndicho siri ya mambo yote. Karanga si nafaka, yai si nafaka, mbegu za maboga si nafaka, maziwa mgando si nafaka. Lakini ndivyo vinavyofanya nafaka kidogo itoshe. Karanga gramu 30, yaani kiganja kimoja, zina wanga gramu tano hivi, protini kama gramu nane, nyuzinyuzi zaidi ya gramu mbili. Yai la kuchemsha halina hata gramu moja nzima ya wanga. Nusu bakuli la bisi na kiganja cha karanga: wanga kama gramu 16, umeshiba mpaka saa saba. Yai moja na kachumbari, na robo ya hindi la rafiki yako: chini ya hapo.

Tahadhari moja kuhusu karanga na mahindi, na hii siiweki kwa utani. Mwaka 2016 watu walikufa Dodoma na Manyara kwa kula mahindi yenye sumukuvu. Karanga nazo zinaathirika sana na sumu hiyo. Karanga iliyosinyaa, yenye ukungu au inayouma kwa uchungu mdomoni, tema. Usiimeze kwa kuogopa hasara ya shilingi 500. Kukaanga au kuchemsha hakuondoi sumu hiyo.

Keto ya wiki tatu

Nataka kusema jambo kuhusu wenzetu wanaokwenda mbali zaidi. Mmoja wa wenzangu wa chumbani aliamua muhula uliopita kufuata keto. Boom lilipoingia akanunua trei za mayai, maparachichi, nyama, samli. Wiki ya kwanza alipungua kilo mbili, akatupigia picha. Wiki ya pili alikuwa anasinzia kwenye semina na kichwa kinamgonga. Wiki ya tatu hela ikaisha, na siku hela ilipoisha ndiyo siku alipokula maandazi sita kwa mkupuo mmoja, akalia. Sikumcheka. Nilimwona mtu aliyebeba mzigo uliotengenezwa kwa ajili ya friji na mfuko wa mtu mwingine.

Fedha ya kujikimu tunayopewa wenye mkopo ni shilingi 10,000 kwa siku, na ndani yake kuna nauli, bando, fotokopi na mambo yasiyosemeka. Kuna wenzetu hawana hata hiyo. Ulaji wowote unaohitaji nyama kila siku utadumu mpaka boom linapokata, kisha unakuacha na aibu. Ndiyo maana naamini katika njia ya katikati: nafaka nzima kidogo, karanga au yai, sukari itoke kabisa kwenye vinywaji. Ni njia isiyo na picha nzuri za kuweka mtandaoni, lakini inaweza kufika wiki ya kumi na tano.

Niongeze pia kwamba mtu anayetumia insulini au vidonge vya kushusha sukari asipunguze wanga ghafla kwa kusoma makala ya mwanafunzi. Dawa ileile ukiondoa chakula inaweza kushusha sukari kupita kiasi, na hilo linaangusha mtu haraka kuliko sukari kupanda. Mama yangu alirudi kliniki kwanza, akawaonyesha daftari lake la vipimo, wakazungumza, ndipo akabadilisha.

Mtasema tuna njaa

Najua kuna msomaji ambaye tangu aya ya pili ananisonya. Yupo anayepiga pasi ndefu, anakula mara moja kwa siku, saa kumi jioni. Kwake andazi la shilingi 300 si ulafi. Ni hesabu. Ndiyo nishati nyingi kwa hela ndogo kuliko kitu chochote pale kibandani. Ukimwambia ahesabu wanga ni sawa na kumwambia asiye na viatu achague soksi.

Mimi mwenyewe nimewahi kuishi kwa andazi na maji mwezi mzima, mwaka wa kwanza, mkopo ulipochelewa. Kwa hiyo simhubirii mtu huyo. Lakini nataka tukubaliane kitu kimoja: andazi linatawala kwa sababu ndilo linaloletwa. Nilihesabu vitu vilivyo kwenye meza za vibanda vitano vya ndani ya chuo, Jumatatu moja asubuhi. Maandazi, chapati nyeupe, vitumbua, sambusa, keki, kalimati, soda, juisi za boksi. Vibanda vitano, na yai la kuchemsha lilikuwa kwenye kimoja. Karanga hazikuwepo hata kimoja. Zinauzwa nje ya geti na kijana mwenye ndoo. Uji ulikuwepo sehemu mbili, wote umeshatiwa sukari kwenye sufuria.

Nilimuuliza mama mmoja wa kibandani, ambaye tumezoeana, kwa nini asiweke sukari kando. Akanijibu, "Mwanangu, nisipotia mnarudisha kikombe. Ila mkitaka kando mimi nafurahi, sukari bei yake unaijua." Nikaona hapo kuna mlango. Yeye angeokoa hela ya sukari, sisi tungechagua. Kinachokosekana ni mtu wa kusema.

Na wenye uwezo wa kusema wapo. Serikali yetu ya wanafunzi ina wizara inayoshughulika na afya na chakula, na waziri wake tunamwona kila siku ya uchaguzi. Mikataba ya vibanda na kafeteria inapitiwa kila mwaka. Tunapeleka malalamiko ya bei, ya usafi, ya foleni. Sijawahi kusikia tumepeleka lalamiko la kilichopo kwenye sahani. Napendekeza mambo matatu, na yote hayahitaji bajeti.

La kwanza, kila kibanda ndani ya chuo kiwe na angalau asusa mbili zisizo na sukari wala unga mweupe: mayai ya kuchemsha, karanga zilizochambuliwa, bisi za chumvi, matunda. Liwe sharti kwenye mkataba, kama lilivyo sharti la maji ya kunawa.

La pili, chai na uji vitolewe bila sukari, na sukari iwe mezani kwa kijiko. Anayetaka vijiko vinne aweke vinne, huo ni uhuru wake. Lakini leo mwenye kisukari, na wapo humu chuoni, hana kikombe cha kunywa.

La tatu, kafeteria ijaribu chapati za unga wa ngano nzima na ugali wa dona siku mbili kwa wiki, kwa muhula mmoja. Tukizikataa, tutajulikana tumekataa. Kwa sasa hatujaulizwa.

Kilichonipeleka kuandika

Mwaka jana kwenye mazoezi ya kufundisha nilipewa kidato cha pili, mada ya lishe. Nilichora ubaoni makundi ya vyakula, nikaeleza wanga, protini, vitamini, nikajisikia mwalimu. Kengele ya mapumziko ikalia. Nikatoka nikanunua andazi na soda kwenye kantini ya shule, nikakaa kwenye kivuli. Binti mmoja wa darasa langu akapita na barafu ya rangi mkononi, akaniangalia, akaangalia soda yangu, akasema kwa adabu zote, "Mwalimu, soda ni kundi gani?"

Soda ile ya mililita 350 ilikuwa na sukari kati ya gramu 35 na 40. Sikumjibu. Nilicheka, naye akacheka, akaenda zake. Lakini alikuwa ameuliza swali la haki. Nusu yetu humu kitivoni tutakuwa madarasani baada ya mwaka mmoja au miwili, tukifundisha mada hiyo hiyo, mbele ya kantini za namna hiyo hiyo. Tusipojifunza kugeuza pakiti hapa, tutakwenda kufundisha picha ya mbele.

Mama sasa ana mfumo wake. Saa nne anakula kiganja cha karanga na nusu kikombe cha uji wa ulezi bila sukari, kwa mdalasini. Siku moja moja bisi, amepika mwenyewe kwenye sufuria yenye mfuniko. Juzi alinitumia picha ya daftari lake: kabla ya kula 7.6, saa mbili baadaye 9.2. Mtu mmoja na daftari moja si utafiti, hilo nimefundishwa kwenye somo la mbinu za utafiti na nalikubali. Sukari yake haijaisha na siku nyingine inapanda bila sababu ninayoiona. Lakini amejua kitu ambacho pakiti haikutaka ajue, na ameacha kuniuliza ale biskuti ngapi.

Jana aliuliza swali lingine. "Na wewe huko chuoni unakula nini saa nne?"

Nikamwambia ukweli, siku hizi nanunua karanga nje ya geti. Akasema, "Mbona nje? Ndani hawauzi?"

Swali hilo nalipeleka kwa mheshimiwa waziri.